Mtoto wa Herufi Asiye na Sauti

Msikilizaji, leo nakuomba tufanye jambo ambalo hatujazoea kulifanya katika kipindi hiki. Kama una karatasi na kalamu karibu, chukua. Kama huna, kidole na vumbi vinatosha.

Andika neno "baba". Umeandika herufi ngapi? Nne. Sasa fikiria mwandiko ambao herufi ya b imezaliwa na sauti ya a ndani yake. Ukiichora mara moja, msomaji anasoma "ba". Ukiichora mara mbili, "baba". Huna haja ya kuandika a, maana imo tayari. Kwa mwandiko huo, "mama" ni michoro miwili, "dada" miwili, "haraka" mitatu. Rahisi, sivyo? Ungedhani umetungwa kwa ajili ya Kiswahili.

Haukutungwa kwa ajili yetu. Mwandiko huu ni wa Wabatak, watu wa milima ya kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, wanaolizunguka ziwa kubwa liitwalo Toba. Na leo, msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya alama moja tu ya mwandiko huo. Moja. Inaitwa pangolat. Haina sauti. Kazi yake ni kunyamazisha. Nataka nikueleze alama hii ilivyoingizwa kwenye kompyuta, na kwa nini safari ya kijistari kimoja inanishughulisha hata nikaona nikuletee hapa jioni hii.

Turudi kwenye karatasi yako. Tuandike jina Salima. Tunaanza na sa. Kisha la, lakini sisi tunataka li, kwa hiyo tunaipa la alama ndogo ya i, kiduara kidogo cha pembeni. Kisha ma. Sa, li, ma. Salima ametimia. Sasa tumwandike kaka yake, Salim. Sa. Li. Halafu? Tukiandika ma, tumemwandika Salima tena. Tutafanyaje basi ili ile m isimame peke yake, bila a yake ya kuzaliwa?

Hapo ndipo pangolat inapoitwa. Unachora ma, unaweka pembeni yake mstari mfupi wa kulala upande, na ile a inanyamaza. Imebaki m. Salim amepata jina lake. Wewe uliyepita chuoni ukajifunza kusoma kwa herufi za Kiarabu utasema, "Ah, hii ni sukuni." Ndiyo, ni ndugu yake katika kazi. Kinachotofautiana ni hiki: sukuni humwambia msomaji kwamba hapa hapakuwekwa irabu, na pangolat huiondoa irabu ambayo tayari ilikuwa imekaa ndani ya herufi.

Kwa hiyo kumbuka hili: kwa maandishi yetu haya, bila pangolat, Salim anasomwa Salima.

Wabatak wenyewe wanazigawa alama za mwandiko wao kwa lugha ya ukoo, na mimi nimeupenda sana mgawanyo huo. Zile herufi kubwa, ba, ta, ma, na wenzao, Wabatak wa Toba huziita "ina ni surat", mama wa maandishi. Zile alama ndogo zinazokaa juu, pembeni au chini ya herufi, kiduara cha i, msalaba mdogo wa kulala wa o, na nyinginezo, huitwa "anak ni surat", watoto wa maandishi. Mama anaweza kusimama bila mtoto. Mtoto hasimami bila mama. Na pangolat ni mmoja wa watoto hao. Ndugu zake wote wanaleta sauti nyumbani. Yeye analeta ukimya.

Sasa utaniuliza, mwandiko huu uliandikwa juu ya nini? Sikiliza vizuri, maana hapa upo uhusiano na nyumba zetu za pwani. Vitabu vya zamani vya Wabatak vinaitwa pustaha, neno lililotoka Kisanskriti. Ni vitabu vya magome ya mti, ukanda mrefu uliokunjwa kwa mikunjo kama kinanda cha kuvuta, na mara nyingi vina jalada la mbao mbele na nyuma. Mti wenyewe kule unaitwa alim. Ni mti wa jamii ileile inayotoa udi. Udi huu, msikilizaji, tunaofukiza mgeni anapokuja, tunaoweka kwenye chetezo chumbani mwa biharusi. Kiini cha mti huo kikiugua hujaa utomvu wenye harufu, na hicho ndicho udi. Gome lake Wabatak walilifanya kitabu. Na kutoka misitu ya nyuma ya bandari ya kale ya Barus, pwani ya magharibi ya Sumatra, ilitoka kafuri iliyosifiwa na wafanyabiashara wa Kiarabu kwa karne nyingi. Harufu za nchi ile zinafahamika kwetu zaidi ya tunavyofikiri.

Mwenye kuandika pustaha alikuwa datu, mganga na mwalimu, akimwandikia mwanafunzi wake elimu ya kuagua, ya dawa, ya siku njema na siku mbaya, ya kinga vitani. Lakini maandishi hayakuishia kwa waganga. Yaliandikwa pia kwenye mianzi: barua, kalenda za kuagulia siku, na miongoni mwa Wakaro, kundi mojawapo la Wabatak, maombolezo ya mapenzi ambayo kijana aliyavumilia moyoni mpaka akayachonga kwa kisu juu ya kipande cha mwanzi. Nimewahi kuona picha ya mwanzi wa namna hiyo. Mistari imepangwa karibu karibu, haina nafasi kati ya neno na neno, na yule aliyechonga alichonga pia kila kijistari cha kunyamazisha, kimoja kimoja, kwa kisu. Hakuruka hata kimoja. Kwa nini? Kwa sababu mpenzi wake angesoma neno jingine.

Sasa tuhame kutoka kwenye mwanzi twende kwenye simu yako.

Simu yako haijui herufi. Nalisema polepole: simu haijui herufi, inajua namba. Unapobonyeza a, ndani ya simu hakuingii umbo la a, inaingia namba 97. Unapomtumia ndugu yako wa Muscat au wa Toronto ujumbe, kinachosafiri ni msururu wa namba, na simu yake inatazama kila namba na kuuliza: hii ni ya umbo gani? Inalichora. Ikiwa simu yako na yake zimekubaliana juu ya namba, mnaelewana. Zisipokubaliana, anapokea vurugu.

Lugha inayoandikwa kwa herufi ambazo hazina namba itafanya nini? Watu hawakukaa bure. Kabla Wabatak hawajapata namba zao, waliokuwa na ari walitengeneza fonti, yaani seti za maumbo ya herufi, za kuazima. Waliichukua namba ya a, ile 97, wakaivika umbo la herufi ya Kibatak. Kwenye kompyuta yako ukiona herufi za Kibatak, unafurahi. Lakini ndani bado ni a, b, c. Mtumie mtu asiye na fonti hiyo, naye anaona abjadi ya Kizungu iliyopangwa ovyo. Ni sawa na kukaa nyumba ya kupanga chini ya jina la mwenye nyumba: barua zote zinakuja kwa jina lake.

Ndipo linapoingia shirika liitwalo Unicode, lenye makao Marekani katika jimbo la California. Kazi yake ni kutoa namba moja kwa kila herufi ya kila mwandiko wa dunia, namba ambayo kila kampuni ya simu na kompyuta itaitambua. Unaweza kulifananisha na ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, ila hapa wanaosajiliwa ni herufi. Na lina sheria moja kali ambayo nataka uishike: herufi ikishasajiliwa, haifutwi. Jina lake halibadilishwi. Namba yake haihamishwi. Kosa likiingia, linabaki. Ndiyo maana kabla ya kusajili watu wanabishana kwa miaka, na wana haki ya kubishana.

Mwaka 2008 watu wawili waliandika ombi la kusajili mwandiko wa Kibatak. Mmoja ni Michael Everson, mtaalamu wa miandiko aliyekuwa akiishi Ireland, ambaye miandiko mingi ya dunia imepata namba kwa mkono wake. Mwingine ni Uli Kozok, msomi mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha Hawaii, ambaye amezichunguza pustaha kwa miaka mingi na alikuwa amekwisha tengeneza fonti za Kibatak. Ombi lilikubaliwa. Mwezi wa Oktoba 2010, katika toleo la 6.0 la Unicode, Kibatak kilipata nyumba yake yenye vyumba 64, na alama 56 ziliingia. Na pangolat, yule mtoto asiye na sauti, akapewa namba 7154.

Namba 7154. Iandike hapo kwenye vumbi lako.

Labda unasema, basi, yamekwisha, si amepata namba? Hapana, msikilizaji. Hapo ndipo mambo matamu yanapoanza.

Nilikuambia tumemwandika Salim: sa, li, m. Nilikuficha kitu kimoja, nikingoja tufike hapa. Ukimpa mwandishi wa Kibatak jina Salim aliandike, hataandika kama nilivyokuelekeza. Ataandika sa. Ataandika la, bila kuipa mtoto. Ataandika ma. Kisha kile kiduara cha i, ambacho ni mtoto wa la, atakiweka kwa ma. Halafu mwisho ataweka pangolat. Kwa jicho, umeona: sa, la, ma, i, kimya. Unasoma: Salim.

Umeshangaa? Mimi nilishangaa. Kwa nini mtoto wa la akae kwa ma? Ndiyo desturi yao. Silabi inapofungwa kwa konsonanti, kama hii "lim", mtoto wa irabu huhama kutoka kwa mama aliyemzaa akaenda kukaa kwa mama wa jirani, pale penye pangolat. Msomaji anayeona pangolat anajua mara moja: aha, huyu i si wa ma, amelala hapa tu, kwao ni kwa la. Anamrudisha kwao akilini, na anasoma sawasawa. Chukua neno lao wenyewe, tondi, maana yake roho ya mtu, uhai wake wa ndani. Kwa jicho utaona ta, na, o, pangolat, kisha da na i. Ile o imekaa kwa na, lakini ni mtoto wa ta.

Wangapi kati yetu tumelelewa kwa shangazi? Wangapi tumekulia kwa bibi? Unaamka kwa bibi, unakula kwa bibi, majirani wanakuita mtoto wa bibi fulani. Lakini siku ya kuandikishwa shule, mwalimu anapouliza jina la mzazi, linaandikwa la aliyekuzaa. Unapolala ni mahali pamoja, asili yako ni mahali pengine, na vyote viwili ni kweli.

Sasa waliokuwa wakikisajili Kibatak walikuwa na swali hili hasa mezani. Kompyuta imwandike mtoto wapi? Kwa mama aliyemzaa, au kwa mama anakolala? Kwa lugha nyingine: tuhifadhi namba kwa mpangilio wa sikio, sa, la, i, ma, pangolat, au kwa mpangilio wa jicho, sa, la, ma, i, pangolat?

Waliamua kufuata sikio. Ndani ya kompyuta, mtoto anaandikwa kwa aliyemzaa. Kwenye skrini, anaonekana pale anapolala. Kompyuta inahifadhi jina kama linavyosemwa, halafu wakati wa kuchora inamhamisha mtoto kwa jirani, kama desturi inavyotaka.

Nauona uamuzi huu kuwa wa busara, na nitakuambia kwa nini, kwa mfano wa nyumbani. Mama yangu mzazi jina lake liliwahi kuandikwa kwa namna mbili katika vitabu viwili vya ofisi moja, kwa herufi moja ya tofauti. Siku alipohitaji faili lake, karani alitafuta kwa namna ya kwanza, hakuliona. Mama alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka alasiri. Faili lilikuwepo siku zote, hatua chache kutoka alipokaa, kwa namna ya pili. Mtu mmoja, jina moja, maandishi mawili, na mashine au karani hajui kwamba ni yuleyule.

Ndivyo ingekuwa kwa Kibatak. Kama watu wangeruhusiwa kuandika wengine kwa sikio na wengine kwa jicho, neno tondi lingehifadhiwa kwa njia mbili. Kwenye skrini yote mawili yanafanana kabisa, huwezi kuona tofauti. Lakini ukitafuta, unapata nusu. Kamusi inapanga maneno vibaya. Programu ya kumsomea asiyeona kwa sauti inatamka ta-no badala ya ton. Kufuata sikio kunalipa kila neno sura moja tu ya ndani, hata kama nje linavaa desturi ya wazee.

Lakini sikiliza gharama yake. Mtu lazima aifundishe mashine ile desturi ya kumhamisha mtoto. Namba 7154 haisemi chochote juu ya kuhama. Sheria hiyo inakaa kwenye fonti, na kwenye programu ya ndani inayopanga herufi kabla hazijaonekana. Fonti isiyojua desturi itachora i palepale alipozaliwa, na msomaji wa Kibatak ataona kitu ambacho hakuna datu aliyewahi kukiandika. Namba ni sahihi, maandishi ni mageni. Kwa hiyo, na hili ndilo naliomba ulishike kuliko yote ya leo: kuipa herufi namba ni jambo moja, na kuifundisha mashine tabia ya herufi hiyo ni jambo la pili, na jambo la pili ndilo refu.

Tupumzike kidogo hapo, halafu nikueleze juu ya mwenzake pangolat.

Nimekuwa nikisema "Kibatak" kana kwamba ni kitu kimoja. Wabatak wana makundi: Watoba, Wakaro, Wasimalungun, Wapakpak, Waangkola, Wamandailing. Kila kundi lina lugha yake, na wapo Wakaro na Wamandailing wasiotaka kabisa kuitwa Wabatak. Mwandiko ni wa ukoo mmoja, ulioshuka kutoka miandiko ya kale ya India, lakini kila kundi lina mkono wake. Ta ya kusini haifanani na ta ya kaskazini, na zote mbili zimesajiliwa kila moja kwa namba yake. Wasimalungun wana alama ya u inayotumika kwa herufi moja tu, sa yao, na hakuna nyingine. Alama ya silabi moja! Nayo ina namba yake.

Na kile kinachonyamazisha? Watoba, Wapakpak na Wamandailing wanatumia pangolat. Wakaro na Wasimalungun wana chao, kilichosajiliwa kwa jina la panongonan, namba 7155. Jirani mlango kwa mlango. Kazi ni ileile. Sasa, msikilizaji, ungekuwa wewe uko kwenye meza ile ungefanyaje? Ungesema kazi ni moja, basi namba iwe moja, na umbo liamuliwe na fonti? Au ungempa kila mmoja cheti chake?

Waliogawa vyeti viwili nadhani walifanya vizuri. Fikiria mwalimu wa Karo anaandika ukurasa mmoja wenye neno la Kikaro na neno la Kitoba, anataka kuwaonyesha wanafunzi tofauti. Kwa namba moja, angelazimika kubadilisha fonti katikati ya sentensi, na akimtumia mwenzake, tofauti inapotea njiani. Kwa namba mbili, tofauti inasafiri na maandishi. Najua upande wa pili una hoja nzito: ukigawa mno, unawatenganisha ndugu, na mtu akitafuta neno kwa alama hii halipati kwa alama ile. Nami nilikuwa na mawazo hayo kwa muda. Kilichonigeuza ni ile sheria ya kutofuta. Walio tofauti unaweza kuwafundisha mashine kwamba ni ndugu, wakati wowote. Waliounganishwa chini ya namba moja, hakuna tena alama ndani ya maandishi ya kukuonyesha nani alikuwa nani.

Zipo alama nyingine katika nyumba ile ambazo sitakaa nazo leo. Moja tu niitaje kwa uzuri wake: alama ya mapambo ya kufungulia sehemu ya maandishi, iitwayo bindu pinarboras. Boras ni mchele. Kama uko jikoni unachagua mchele, ujue kuna mwandiko duniani uliochukua mchele ukaufanya pambo la kitabu.

Sasa kuna jambo linaloniuma, na nitalisema wazi. Toleo lile la Oktoba 2010 lililoleta Kibatak ndilo pia lililoleta mamia ya zile picha ndogo, zikiwemo nyuso zinazocheka na kulia, ambazo sote tunatumiana. Siku moja, kitabu kimoja. Nyuso zile zilipata fonti, kibodi na nafasi kwenye kila simu kwa miaka michache tu. Mtoto wa miaka mitano leo anajua pa kuzibonyeza. Pangolat na nduguze, waliopewa namba siku ileile, kwa miaka mingi walionekana kwenye simu kama vijisanduku vitupu, vile vya mraba ambavyo simu huchora inapoambiwa namba isiyo na umbo. Mtu anaandika salamu za bibi yake, na mjukuu anapokea masanduku matatu.

Hali imebadilika. Ipo fonti ya bure ya Noto, ya kampuni ya Google, iliyotengenezwa kwa lengo la kuviondoa vijisanduku hivyo kwa kila mwandiko wa dunia, na Kibatak kimo. Zipo kibodi za simu za kuongezwa. Kule Sumatra Kaskazini ukitembea utaona majina ya barabara na mabango ya ofisi yenye herufi za Kibatak chini ya herufi za Kilatini, na kuna shule zinazofundisha mwandiko huo kama somo la kwao. Lakini kibodi inayokuja ndani ya simu siku unapoinunua, bila kuitafuta, bila kuuliza mjuzi, ni kitu kingine. Bibi wa kijijini hatafuti kibodi. Anatumia anachokikuta.

Tena kibodi yenyewe ina mtihani wake. Mwanafunzi aliyejifunza kwa mkono amezoea kuweka i baada ya ma, kama jicho linavyoona. Kibodi inataka aiweke baada ya la, kama sikio linavyosikia. Vidole vinafuata mkono wa mwalimu, mashine inafuata mdomo. Hapo ndipo mwalimu anapohitajika zaidi ya fundi. Nadhani njia nzuri ni ile ambayo tungeitumia kwa mtoto wetu yeyote: mwambie, tamka kwanza, halafu bonyeza kama ulivyotamka, halafu tazama simu ikimpeleka mtoto kwa jirani. Akiona mara tatu, ameshika. Na akishashika, ameelewa kanuni ya wazee wake kwa namna ambayo labda mkono peke yake usingemwonyesha.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kompyuta inaua miandiko ya zamani. Karne ya 19 wamisionari na wataalamu wa Kizungu walifika nchi ile. Herman Neubronner van der Tuuk, Mholanzi, aliandika sarufi ya Kitoba ambayo hadi leo wanaisoma, na vitabu vilichapwa kwa herufi za Kibatak zilizotengenezwa kwa madini. Kisha shule zikaja na abjadi ya Kilatini, na mwandiko wa wazee ukabaki kwa wachache. Waliokuja kuukalisha pembeni walitumia kalamu na ubao wa shule, karne moja kabla ya simu. Simu imefika ukiwa tayari ukingoni. Na kazi ya kuupatia namba iliwalazimu watu kukaa na kuuliza maswali ambayo hayakuwa yameulizwa pamoja hapo kabla: ta ziko ngapi? Huyu mtoto ni wa nani? Hawa wawili ni mmoja au ni ndugu?

Muda wangu unakwisha, fundi mitambo ananionyesha kidole kimoja. Dakika moja basi. Bado una vumbi lako? Tuandike salamu ya Watoba, ile utakayoipokea ukikanyaga tu ukingo wa Ziwa Toba: horas. Andika ha, umpe mtoto wake o, ule msalaba mdogo wa kulala. Andika ra. Hapo hakuna mtoto, a imo ndani, kwa hiyo hakuna anayehama. Andika sa. Ukiacha hapo umeandika "horasa", na hakuna atakayekuitikia. Sasa weka kijistari chako cha mwisho, namba 7154, halafu inua kidole.

Horas, wasikilizaji.